Mtamba wa Somoe

Mwanangu Kabula,

Salamu sikuandikii, maana umeniamkia muda si mrefu, nikakuitikia marahaba huku nimeinama najifanya natazama kwato za ng'ombe, ili usiuone uso wangu. Sasa umekwenda kuwaaga wenzako, na mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga za njiani. Nimekaa nyuma ya nyumba karibu na zizi, karatasi nimeiweka juu ya lile debe la maji. Jua bado lipo. Nataka nimalize kabla hujarudi, kwa sababu ukirudi nitaanza kukuuliza kama begi umelifunga vizuri, na barua itaishia hapo.

Mambo ya begi, chandarua, nauli na kula kwa wakati nimemwachia mama yako. Anayajua kuliko mimi na hachoki kuyarudia.

Kesho, kabla ya kufika chuoni Lindi, utapita Kilangala ukae siku chache kwa kaka yako Maduhu. Tangu udogo wako umekuwa ukiniuliza kwa nini Maduhu haji nyumbani, nami nikikujibu kwamba ana kazi nyingi. Labda umeona kwamba kila nilipojibu hivyo mama yako aliinuka akaenda nje. Ukifika kwake utaambiwa ukweli, na si haki uusikie kwa niliyemkosea wakati mimi mwenyewe nimenyamaza. Maduhu hakuondoka kwa ajili ya kazi. Nilimfukuza kwa maneno, na maneno yenyewe yalikuwa ya ng'ombe.

Unakwenda kusomea mifugo, basi acha nianze na ng'ombe. Ndiko pekee ninakojua kuanzia.

Baba yangu kule Usukuma angeweza kukutajia mama wa ng'ombe, na mama wa huyo mama, na jike aliyeletwa kwa mahari ya shangazi fulani akamzaa huyo, hadi wewe msikilizaji uchoke. Sisi watoto tulijua koo za ng'ombe kabla hatujajua kuhesabu. Shule niliishia darasa la saba, lakini sikuacha kusoma. Nilipohamia bonde la Usangu na ng'ombe wangu wa kwanza, bwana mifugo mmoja aliyekuwa anahama aliniachia sanduku la vitabu. Ni vile unavyovijua, vyenye harufu ya dawa ya kuogeshea. Nilivisoma malishoni, ukurasa baada ya ukurasa, na nilipokuwa sielewi nilirudia mpaka nielewe.

Humo nilijifunza kwamba ng'ombe wa mwanzo wa bara hili hawakuwa na nundu. Walichungwa kaskazini, Sahara ilipokuwa bado na majani, na watu wakawachora kwenye miamba wakiwa na migongo iliyonyooka na pembe ndefu. Wenye nundu asili yao ni upande wa Bara Hindi. Hao walikuja baadaye kwa njia ya Arabuni na Pembe ya Afrika, wakakutana na wale waliotangulia, wakazaliana. Katika mchanganyiko huo ndimo walimotoka ng'ombe wa Ankole, wale wa pembe kama matawi ya mti, ambao nilipowaona mara ya kwanza nikiwa mtoto nilidhani ni wafalme. Hata hawa zebu wetu wadogo wa Usukuma, pamoja na nundu zao, walipopimwa damu walionekana kwa upande wa mama wanarudi kwa wale wa zamani wasio na nundu. Madume walikuja, majike walikuwapo. Huko Afrika Magharibi bado wapo ng'ombe wadogo wasio na nundu ambao mbung'o akiwauma wanavumilia kuliko wetu. Wengine wote, ukiwafuata nyuma vya kutosha, unamkuta mgeni aliyepokelewa.

Nilikuwa nimeyasoma haya yote, Kabula. Nataka ulishike hilo unapoendelea kusoma. Siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Serikali ilipotuamuru tuondoke Usangu, ili bonde lihifadhiwe, ulikuwa hujazaliwa. Tulipakia ng'ombe kwenye malori. Tulisafiri hadi ndama wakaanza kulala chini na wakubwa kuwakanyaga, tukashushwa hapa Mitole kando ya barabara, mchana, pamoja na masufuria na Maduhu aliyekuwa kijana wa kuanza kuota ndevu. Watu wakatoka majumbani kututazama. Wengine walikuwa na hofu, na hawakukosea, maana ng'ombe wetu walikuwa na njaa na ufuta wao ulikuwa umeanza kutoa maua. Lakini mwanamke mmoja alikuja na muhogo wa kuchemsha kwenye ungo na maji kwenye ndoo, akamwambia mama yako, "Pole, mama. Mpe mtoto kwanza, maneno baadaye." Akaondoka bila kutaja jina lake.

Halafu mbung'o wakatukaribisha kwa namna yao. Niliwachoma sindano ng'ombe mpaka mikono ikazoea gizani. Wale warefu wenye damu ya Ankole, fahari yangu, ndio walioanza kukonda, manyoya yakasimama, wakafa wakiwa wamesimama karibu na maji. Na kadiri zizi lilivyopungua, ndivyo hadithi zangu zilivyoongezeka. Nilikuwa nikikaa mnadani nikiwaambia watu kwamba hawa wangu ni mbegu safi, damu moja, hawajachanganywa tangu babu. Nilipoteza nchi, nikapoteza ng'ombe, nikabakiwa na majina ya koo zao. Nikayashika hayo kama mtu anayeshika usukani wa gari lililokwisha kuuzwa.

Dume langu la mwisho la kutoka nyumbani lilipokufa nilikwenda mnadani kutafuta jingine. Mchuuzi mmoja alikuwa na dume la milia, pembe moja imelegea kama sikio, lakini macho yake makavu na tumbo limejaa. Nikamuuliza, "Huyu ametoka wapi?"

Akaniambia, "Ametoka hapa mnadani, mzee. Kwani unataka kumposa?"

Watu wakacheka mpaka mwuza chai akaweka birika chini. Nami nilicheka. Nikamnunua, nikamleta nyumbani, nikamwachia majike yangu yote. Unamkumbuka, ulikuwa ukimwita Punda Milia na kumkwaruza nundu kwa gunzi.

Msimu huohuo Maduhu alikuja kuniambia anataka kuoa.

Msichana alikuwa Somoe. Alikuwa amekuja Mitole kabla yetu, kukaa na mjomba wake na kulima ufuta, pamoja na bibi yake aliyemlea, Bibi Hawa. Kwao hasa ni Kilangala. Mama yako alikuwa anamjua tayari, walikuwa wakikutana kisimani na kuchekana: Somoe akimfundisha kuimba vitu vya Kimachinga, mama yako akimfundisha kukamua, na Somoe akipigwa teke kila siku. "Mkwe wangu huyu," mama yako aliniambia, "ng'ombe wamemkataa, mimi nimemkubali."

Wengine walidhani nilikataa kwa sababu ya dini. Natamani ingekuwa hivyo. Ningepata angalau mtu mmoja wa kunitetea. Maduhu alikuwa amekwisha kusema atasilimu, nami nilimwambia hilo ni lake na Mungu wake.

Tulikwenda kuposa alasiri. Kwetu, unajua, mahari ya kijana ni kazi ya baba yake. Baba ndiye anayetoa ng'ombe, na kabla ya kutoa anauliza ukoo. Mama yako aliingia ndani na wanawake. Mimi na Maduhu tulikaa barazani na mjomba, na Bibi Hawa akakaa kwenye kizingiti, nusu ndani nusu nje, anachambua mboga. Somoe alikuwa nyuma ya pazia. Niliona vidole vya miguu yake, vimepakwa hina.

Mjomba akasema, "Karibuni, wazee. Semeni, tunasikiliza."

Nikasema, "Kabla ya neno letu, nataka kuujua ukoo."

"Uliza tu, mzee mwenzangu. Ndiyo kujuana kwenyewe."

Akanitajia. Upande wa baba yake Somoe ni Wamachinga. Upande wa mama ni Wayao walioshuka kutoka bara. Nikauliza, na kabla ya hapo? Mjomba akasita. Bibi Hawa hakuinua macho kwenye mboga zake. Alisema, "Kabla ya hapo ni bibi yangu mzaa mama. Aliletwa Kilwa mtoto mdogo, mikononi mwa watu wasio ndugu zake. Jina alilokuja nalo alilisahau. Tukampa letu."

Mimi niliyeishi pwani hii miaka yote hii najua sasa jinsi neno lile lilivyo zito kulitoa mbele ya mgeni. Watu hapa hukaa na jirani maisha yao yote bila kulisema. Yule bibi alinipa kitu alichowaficha wengi, kwa sababu nilikuwa nimekuja kuwa ndugu.

Nami nikasema, "Kwetu ng'ombe asiyejulikana alikotoka hapandishwi. Anapelekwa mnadani."

Nimeiandika sentensi hiyo, nikainuka nikaenda kumnywesha ndama, nikarudi. Bado ipo. Nilitaja mnada mbele ya mjukuu wa mtoto aliyeuzwa, na kilembwe wake yuko nyuma ya pazia amepaka hina.

Maduhu alisema, "Baba." Hilo tu.

Bibi Hawa akaweka ungo chini. "Weye baba," akasema, na hakukasirika, ndilo jambo lililoniumiza zaidi baadaye, "ulishushwa hapa na lori mchana kweupe, ndama wako wanalia. Nilikuletea muhogo. Nilikuuliza babu yako?"

Sikuwa nimemtambua. Siku ile ya muhogo nilikuwa nikiwatazama ng'ombe.

Mjomba akasema kwa adabu, "Mzee, chai yako hujaimaliza. Iache hapohapo."

Tulirudi, mama yako mbele, hageuki. Tulipofika kwenye zizi alisimama, akanyoosha kidole kwa lile dume la milia lililokuwa limelala linacheua, akaniuliza, "Huyu babu yake nani?" Kisha akaingia ndani. Asubuhi nilikuta fimbo ya Maduhu ya kuchungia imelazwa mlangoni mwa zizi, mahali ambapo ningeikanyaga kama nisingeinama kuiokota. Walioana Kilangala. Mahari alitafuta mwenyewe, kwa kibarua, kwa pesa, kama mtu asiye na baba.

Nilikuwa na nafasi nyingi za kurekebisha, mwanangu, na hili ndilo ninalotaka ulibebe kuliko mengine. Kosa nililitenda alasiri moja. Kulitunza kumenichukua miaka. Kila mwaka ulipopita niliona kwenda ni vigumu zaidi, kwa sababu ningelazimika kuomba radhi pia kwa kuchelewa. Mama yako alipokwenda Lindi mara mbili "kutibiwa jino," alikwenda kuwashika wajukuu. Nilijua. Ni jino gani linalomrudisha mtu ananukia mafuta ya mtoto? Sikuuliza, naye hakusema. Alikuwa akinining'inizia picha yao hewani, kwa namna ya kusema, "Watoto wa siku hizi wanaota meno mapema," nami naendelea kukata nyasi.

Kilichonifungua ni wewe. Huenda hukumbuki. Baada ya mvua za mwisho tulikuwa tunamtoa kupe yule mtamba mwekundu mwenye milia kwapani, mjukuu wa Punda Milia. Ukaniuliza, "Baba, wakiniuliza chuoni, huyu nitasema ni ng'ombe wa kabila gani?" Nikafungua mdomo nianze. Upande wa mama yake ningeweza kukupeleka mpaka Usukuma. Upande wa babu yake nikakuta hakuna kitu, na katika utupu huo nikalikuta neno langu la siku ile limekaa linanisubiri. Nikachomoa kupe mwingine. Wewe ukatupa kupe kwenye kopo la mafuta ya taa ukasema, bila hata kunitazama, "Basi ni wa Mitole. Si amezaliwa hapa?"

Na wewe umezaliwa hapa, Kabula. Kimatumbi chako kinawachekesha wenzako kwa jinsi kilivyo kizuri, Kisukuma chako kinanichekesha mimi. Nilikuwa nimemtupia Bibi Hawa neno ambalo lingekuangukia wewe mwenyewe ungali hujui hata kufunga kamba ya kiatu.

Huko chuoni watakuonyesha picha za madume wakubwa wa maziwa na wa nyama, na watakuambia huyu ni bora. Mara nyingi watakuwa wanasema kweli. Wewe uliza tu, bora wapi, na anapouma mdudu gani. Ziandike koo za ng'ombe, zina faida. Ila ukijikuta unazitumia juu ya mtu, acha kalamu utoke nje.

Sasa la kesho.

Hutapanda basi. Kuna lori linapeleka mbuzi Lindi, na dereva amekubali kutuchukua sisi na yule mtamba mwekundu. Kibali chake cha safari kimetoka, na amekaguliwa. Mama yako anajua, ndiyo maana unamsikia anaimba huko jikoni vitu vya Kimachinga ambavyo hajaviimba tangu Somoe aondoke. Mimi nitakaa nyuma na mtamba nimshike kamba. Wewe kaa mbele na dereva, nguo zako zisichafuke.

Bibi Hawa yu hai. Amezeeka, haoni vizuri, anaishi kwa Somoe. Mtamba ni wake, kwa kumlea Somoe. Ni mahari ambayo baba yake Maduhu alipaswa kuitoa. Najua ng'ombe mmoja hafuti neno, wala sijaribu kulinunua. Lakini sijui kwenda kwa watu kuomba radhi mikono mitupu. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na katika malezi yale hilo moja bado naona ni zuri.

Kwetu anayeleta ng'ombe wa mahari haingii mji wa watu. Anasimama nje na mnyama wake. Wenye mji wanatoka, wanamzunguka, wanamshika nundu, wanatazama meno na macho, wanauliza ametoka wapi. Wanaweza kumkataa, na aliyemleta hana la kusema, anageuka naye. Nimekwisha kukagua watu kwenye baraza yao. Kesho zamu yangu ya kukaguliwa.

Kwa hiyo tukifika, lori litasimama barabarani. Wewe shuka uingie, uwaamkie wote, na Bibi kwanza. Usiniombee. Usiseme nimezeeka, usiseme nimejuta, usiseme mama anaumwa. Mwambie tu Maduhu kwamba baba yuko barabarani na ng'ombe. Halafu kaa, ule, cheza na watoto, usitazame nje. Sitaki wakukarimu wewe kwa kunihurumia mimi.

Wakitoka, na Bibi akiuliza mtamba huyu ametoka wapi, nitamjibu yote. Kwa mama yake namjua mpaka kwa shangazi zangu. Kwa babu yake simjui hata kidogo, alikuja kutoka mnadani, akapokelewa, akatutunzia zizi lilipokuwa linakufa. Na kama ataniuliza mimi natoka wapi, jambo ambalo ana haki nalo na hakulitumia siku ile, nitamwambia nilishushwa Mitole na lori, na mtu aliniletea muhogo.

Wasipotoka, nitamfunga mtamba kwenye nguzo ya nje, kamba fupi asiingie shamba la mtu, nimwachie ndoo ya maji, nitembee hadi nitakapopata usafiri wa kurudi. Hapo nawe usinifuate. Una chuo.

Nakuona unakuja kule njiani, umebeba viatu mkononi, unacheka na mtu. Barua hii nitaitia kwenye begi lako chini ya karanga. Isome kesho garini, huko mbele, ukiwa huwezi kugeuka ukaniona.

Baba yako